Rimoti Aliyonirudishia kwa Mikono Miwili

Ngoingwa, Thika

Kaka yangu Mghanga,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mwezi wa nane Thika haina huruma; nimevaa sweta mbili na bado vidole vinaandika kwa kulazimishwa. Mama anaendeleaje na mguu? Amekubali kutumia ile fimbo, au bado anasema ni ya wazee? Mwambie mwanawe ameuliza, na asinijibu kwa hasira. Afya zetu ni nzuri, namshukuru Mungu. Kwa mengine sijui hata kama niseme hatujambo.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Laini ninayotumia ni ile shemeji yangu Kamau alinisajilia kwa jina lake wakati wa msiba, yangu ilipopotea. Majuzi akaniuliza kama mguu wa Mama umepona. Kaka, mimi habari za mguu wa Mama nilizungumza na wewe tu, kwa simu. Labda alisikia kwa mtu, sijui. Basi barua nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja Voi kwa likizo, na nimemwomba asimpe mtu mwingine ila wewe.

Jambo lenyewe limeanza na rimoti ya gari. Najua utasema dada yako na vyombo vya umeme ni paka na panya, lakini nisikilize.

Gari la marehemu mume wangu, Ndung'u, liko Ruiru kwa Kamau, kule Membley, tangu Ndung'u alazwe hospitalini. Kamau ndiye aliyempeleka kwa gari hilo, akabaki nalo. Baada ya mazishi alisema kwangu hakuna geti la maana, wezi watalibeba, nikamshukuru. Sasa shule zimefungwa, nikaamua nilichukue nije huko nyumbani na Wairimu akamwone nyanya yake. Wairimu naye yuko huko Membley tangu likizo ianze, binamu zake walimng'ang'ania.

Jumamosi nikaenda. Nikabonyeza rimoti, gari kimya. Nikasogea karibu, nikabonyeza tena. Nikaigonga kwenye kiganja kama tunavyoigonga ile ya televisheni. Hata taa moja haikuwaka. Kamau alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama.

"Hiyo ni betri tu, Mama Wairimu," akasema. "Niachie hapo, nitakutengenezea."

"Betri nitaweka mwenyewe."

"Na haraka ni ya nini? Gari haiendi mahali."

Unanijua nilivyo mbishi. Nikaenda duka la nje ya geti, nikanunua kale kabetri bapa kama kifungo cha koti, nikaifungua rimoti kwa ukucha, nikapangusa ndani kwa pindo la leso, nikakaweka. Taa yake ndogo nyekundu ikawaka vizuri kabisa. Gari, kimya. Nikachukua rimoti ya pili, ile aliyokuwa akiitumia Ndung'u mwenyewe. Kimya vilevile. Betri moja hufa. Rimoti mbili hazifi pamoja, moja ikiwa na betri mpya.

Ndani ya rimoti huwa kuna kifunguo cha chuma kimejificha, Ndung'u aliwahi kunionyesha. Nikakitoa, nikafungua mlango kwa mkono. King'ora kikalia mpaka majirani wakachungulia. Kisha kikanyamaza ghafla. Mimi sikuwa nimegusa kitu. Nilipogeuka, Kamau alikuwa ametia mkono mfukoni.

"Umeona?" akasema. "Hii gari ina mambo yake. Wachana nayo."

Nikaingia, nikaegemeza rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kama Ndung'u alivyonifundisha kufanya ikiishiwa nguvu. Alama ya ufunguo ikawaka nyekundu, ikazima. Nikashuka nikijichekesha kwa sauti kama mwanamke asiyejua magari. Nikamwita Wairimu tuondoke.

"Wacha mtoto, bado anacheza," Kamau akasema. "Kwani hapa ni kwa wageni?"

Nikamwacha. Sikutaka kugombana mbele ya mkewe na watoto, na mpaka sasa moyo unaniuma kwa hilo.

Jumatatu nikaenda kwa fundi wa funguo hapa Thika mjini, kijana mmoja anaitwa Njoro. Akazipima zote mbili kwenye kimashine chake, moja baada ya nyingine.

"Hizi ziko poa, madam. Shida iko kwa gari. Imeambiwa izisahau."

"Gari linaambiwaje?"

"Mtu akiandikisha funguo mpya anaweza kufuta za zamani zote. Kama hukufanya wewe, kuna mwingine amefanya." Kisha akauliza ni gari gani na linalala wapi. "Za aina hiyo tunaofanya huku ni wawili tu. Ngoja niulize jamaa wa Ruiru."

Akapiga simu na kuweka sauti nje. Nilisikia kwa masikio yangu, kaka.

"Hiyo grey ya Membley? Eeh, niliifanya mimi," jamaa akasema. "Alikuja nayo mtu amefiwa na brother yake, hata nikampa pole. Akasema nifute zote za zamani, bibi ya marehemu asije akatoroka nayo."

"Hiyo ilikuwa lini?" Njoro akamuuliza.

"Pasaka. Nakumbuka juu alinitoa kanisani Ijumaa Kuu."

Kaka, Ijumaa Kuu Ndung'u alikuwa hai! Nilikuwa naye. Kwaya ilikuja wodini kuimbia wagonjwa, naye akaimba sauti ya pili akiwa amekaa kitandani. Alikula samaki niliyempelekea, akalalamika kuwa nimesahau chumvi. Daktari alikuwa amesema akiendelea hivyo atarudi nyumbani. Siku hiyohiyo, Ruiru, ndugu yake alikuwa anapewa pole ya kifo chake.

Tulimzika mwezi wa tano, wewe ulikuwepo. Tulikuwa tukipokezana kumuuguza, leo mimi, kesho Kamau. Alifariki siku ya zamu ya Kamau. Simshtaki mtu, mimi si daktari wala si polisi. Lakini naogopa, na sioni aibu kukuambia.

Unakumbuka siku ya mazishi, alivyosimama mbele ya watu wote akanirudishia rimoti ya mume wangu kwa mikono miwili? Watu wakasema huyu ndiye ndugu. Mama alilia. Wewe ukamshika mkono ukamwambia, kama desturi inavyotaka, kwamba dada yetu tunamwacha mikononi mwako. Ile rimoti ilikuwa imekwisha kufutwa tangu Pasaka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nguo hiyo nimeivaa miezi yote hii nikiisifu.

Sasa nisikie. Gari alichukue, silitaki. Ninachotaka ni Wairimu atoke katika nyumba ile. Jumapili nitakwenda Membley baada ya ibada kama kawaida, nile chakula chao, nicheke, halafu niseme mtoto anahitajika kupimwa sare mpya. Tukishatoka getini haturudi Ngoingwa, tunakuja kwenu moja kwa moja. Kama barua hii itakufikia mapema, panda basi, uje ukae pale pamoja nami. Mbele ya kaka yangu hataweza kuniambia niache mtoto. Usinipigie kuniambia unakuja. Njoo tu.

Mama usimsomee haya, mwambie natamani kumwona. Nisalimie wifi yangu aliyenishonea nguo ya msiba usiku kucha, shangazi yetu wa kabichi pale sokoni, na mjomba mzee wa kanisa, mwambie aniombee bila kuuliza ni kwa ajili ya nini.

Na Kamau akikupigia kabla hujaniona, akakwambia mimi nimekufa, usimpe pole. Mwambie unataka kusikia sauti yangu kwanza.

Ni mimi mdogo wako, ninayeandika nikiwa mzima wa afya,

Mkawasi