Mstari wa Butoyi

Alhamisi, tarehe 14. Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani.

Leo nitasema yote, hata yanayoniaibisha. Nikianza kuchagua, nitaishia kujitetea.

Jumatatu Mwalimu wetu wa informatiki, yaani kompyuta, aliweka toleo jipya la programu inayotunza hifadhidata ya wanafunzi, hapa shuleni kwetu Kasenga, mjini Uvira. Lina mambo ambayo la zamani halikuwa nayo. Kuna faharasa ya maneno: unaandika jina la mzazi, na papo hapo unaona watoto wake wote, badala ya kushuka mstari kwa mstari. Kuna ukurasa wa usimamizi unaoonyesha nani amebadilisha nini. Na kuna kitufe cha kunakili hifadhidata nzima, ili mtu ajaribu mambo bila hofu.

Mwalimu alikibonyeza mbele yangu asubuhi hiyo, kisha akanipa kazi: nitafute watahiniwa wa mtihani wa serikali walioandikwa mara mbili.

"Chezea nakala, binti yangu," alisema. "Mama yake usimuguse mpaka nikuambie."

Mama yake ni hifadhidata yenyewe. Niliitikia kwa furaha. Sikuwahi kukabidhiwa kitu chenye majina ya watu.

Jana nilifanya kazi kwa bidii. Baba mmoja, mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa: nikasema huyu amerudiwa, nikafuta mstari wa pili. Majina tofauti hayakunishtua, kwa sababu wengi wetu huandikwa mara moja kwa jina la ubatizo na mara nyingine kwa jina la nyumbani. Mwishowe sikusoma majina tena, nilitazama tarehe tu.

Nilifuta mistari saba.

Leo orodha ilibandikwa kwenye mlango wa prefe, mkuu wetu wa shule. Rafiki yangu Butoyi akanijia mbio, amelowa.

"Neema, minye siko kwa liste! Bukuru iko, minye hapana!"

Bukuru, dada yake, alikuwa anacheka nyuma yake. "Mu tumbo nilikutangulia, na ku mutihani nitakutangulia. Utanikuta universite!"

"Nyamaza weye! Hii haiko mambo ya kucheka."

Bukuru na Butoyi. Hapa Uvira hata mtoto mdogo akisikia majina hayo anajua ni mapacha. Mimi niliona tarehe zinafanana tu, nikafuta mstari mmoja.

"Labda mashine imekosea," nilimwambia.

Nilimdanganya, naye akaniamini.

Nilikwenda kwenye kompyuta, nikafungua ukurasa wa usimamizi. Jina langu lilikuwa pale mara saba, kando ya neno "kufuta", na si katika nakala. Nilikuwa ndani ya mama. Madirisha yao yanafanana, na mimi sikutazama jina lililo juu kabla ya kuanza.

Nikakimbilia nakala ili nimrudishe Butoyi. Hakuwemo. Jumatatu asubuhi alikuwa bado Mutarule kwa bibi yake, na fomu yake iliingizwa mchana, nakala ikiwa imeshatoka.

Nilitoa fomu yake ya karatasi kabatini, nikaiandika upya, neno kwa neno. Wale sita wengine nimewakagua: walikuwa wamerudiwa kweli. Sasa Butoyi yumo.

Lakini katika orodha iliyochapishwa hayumo, na Mwalimu aliondoka na chapa yake nyingine saa sita kwa pikipiki kuipeleka ofisi ya ukaguzi wa elimu. Wakishaipokea hawaongezi jina. Simu yake haipatikani. Ujumbe wangu una alama moja tu, yaani haujamfikia. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi, alama ni ileile.

Nimemwambia Butoyi ukweli. Nilitaka anitukane. Alifuta maji usoni.

"Basi muite Mwalimu," alisema. "Usiniangalie minye."

Yuko hapa kando yangu, ameshika fomu yake kwa mikono miwili. Bukuru hacheki tena.

Mwalimu, nayaweka haya kwenye blogu yangu hii kwa sababu wewe huifungua popote unapopata mtandao. Mashine haikukosea, ni mimi. Kama hutaniachia tena hifadhidata, nitaelewa. Ila nijibu sasa hivi, hata kwa neno moja: orodha bado iko kwenye begi lako, au umeshaikabidhi?