Dibaji ya Kitabu cha Nassor

Maskati, Mfunguo Tano

Mama yangu kipenzi,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi, na namwomba Mola barua hii ikukute umekaa kitako barazani kwako, magoti hayakusumbui. Sisi huku wazima wa mwili. Baba Rashid bado ni karani kwa yule Baniani wa Matrah, na wajukuu zako sasa wanacheka Kiarabu changu kama wanavyokicheka majirani. Mimi sijambo, ila nimeghadhibika, na hasira hii nimekuficha muda mrefu.

Umeniandikia kwamba kaka Nassor amekuomba hadithi nyingine kwa ajili ya kitabu cha pili, na kwamba umekwisha kuanza kuziandika. Mama, weka kalamu chini kwanza unisome.

Kile kitabu cha kwanza kilinifikia. Forodhani walikizuia, maana hapa chochote kilichopigwa chapa kwa herufi za Kizungu hudhaniwa siasa. Baba Rashid alikwenda akirudi mpaka wakachoka naye. Walipomuuliza ni kitabu cha nini, akasema ni hadithi za mama mkwe wake. Wakacheka, wakampa.

Nilifurahi, nisikudanganye. Unakumbuka Nassor alivyokuwa akituandikia tangu ateremke melini Buenos Aires akaoa huko: mtaa mzima maduka ya vitabu, watu wanakunywa kahawa huku wanasoma, na kampuni anayofanyia kazi imeanzishwa na Wahispania waliokimbia vita kwao. Vitabu vilivyokatazwa Hispania walivichapa wao ng'ambo, wakavirudisha kwa siri vikasomwa na wenyewe. Niliwapenda watu wale bila kuwajua. Mimi niliyetoka Unguja mwaka wa mapinduzi na mabunda mawili ya nguo, ninayekaa mji ambao sijaona duka la vitabu, nilijiambia hawa watatuelewa.

Kihispania sikijui. Nikakipeleka kwa Bi Filomena, yule Mgoa aliyekuwa akitushonea nguo Vuga. Sasa mumewe yuko benki huku. Alisoma Kireno kwa masista, na anasema lugha hizo mbili ni ndugu. Tukakaa mkekani, kahawa katikati. Akafungua, akasoma kimya, akafunga.

"Dibaji tuiwache, Zuhura. Twende kwenye hadithi."

"Nisomee hiyohiyo dibaji."

"Si nzuri, mwenzangu."

"Basi ndo nnayoitaka."

Akanisomea polepole. Imeandikwa kwamba hadithi hizi zilisimuliwa na mjakazi mzee wa nyumba moja ya Unguja, asiyejua kusoma wala kuandika, na kwamba Nassor aliziokota kinywani mwake zisije zikafa naye. Watu wa pwani yetu, inasema, hawana vitabu. Jina lako halimo. Tulilitafuta mwanzo hadi mwisho wa kitabu.

Wewe, mama, uliyewasomesha Kurani watoto wa mtaa. Hadithi zile uliziandika mwenyewe, kwa khati yako ya Kiarabu, nami nikazifunga kwa kitambaa nikazipeleka posta kabla sijaondoka Unguja. Karatasi zako zilikuwa mezani pake alipokuwa akiusahihisha uwongo ule. Ndiyo kazi yake pale, kusahihisha; nukta haimpiti. Na sisemi mjakazi ni tusi. Angekuwa Bi Tausi aliyetulea ndiye msimulizi, ningetaka naye atajwe kwa jina lake.

Nilimwandikia nikamsema kila ninaloweza kusema bila kumlaani. Jibu limekuja juzi. Anasema wakubwa wake waliona msomaji wa huko anapenda hadithi iliyookolewa, na mwanamke msomi mwenye kalamu yake angeharibu ladha. Anasema nisiwe mkali, kitabu kimependwa, na Unguja imejulikana. Watu waliovuka bahari na vitabu vyao ili visifutwe, ndio waliokufuta wewe, na mwanao akawashikia kifutio. Nimelia kwa hasira mpaka Baba Rashid akawatoa watoto nje.

Nisalimie shangazi, na yule jirani muuza ubani, na mke wa imamu. Najua umekwisha kuwatangazia kitabu. Usione haya mbele yao. Haya si yako.

Najua pia utasema Nassor ni mtoto wako, yuko mbali, ugenini. Na mimi niko mbali. Usimpe hata moja. Lakini moyo ukikushinda ukampa, basi andika jina lako juu ya kila ukurasa na chini yake, lako na la baba yako na la babu yako. Akitaka kulifuta, alifute mara zote hizo, kwa mkono uleule uliokuwa ukiushika wewe ukimfundisha kuandika lake.

Mwanao akupendaye,
Zuhura