Ramadhani Isiyo na Siku za Kulipa

Kindu, upande wa Kasuku,
mwezi wa Rajabu

Yaya yangu Mwamini, dada yangu mkubwa,

Salaam aleikum, wewe na wote mnaolala chini ya paa la marehemu baba. Goti lako la kulia, lile linalokutangulia kujua mvua, limetulia? Na mpunga wa bondeni, ndege wamewaachia kidogo au wamevuna kabla yenu? Sisi huku tunatembea, hatujalala kitandani. Shemeji yako Amisi bado yuko kwenye karakana ya gari la moshi, na jioni akirudi ni meno tu yaliyo meupe. Mama yake anakaa nasi, na macho yake hayajapungua nguvu hata kidogo.

Barua hii usimpe mtu akusomee. Ndiyo maana nimeiandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kwa mkono wangu, kama baba alivyotufundisha sisi wawili juu ya ubao mmoja. Yupo karani hapa anayewaandikia watu, lakini mambo haya singeweza kuyatamka mbele ya karani. Kaa nyuma ya nyumba, usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Barua yako imefika. Umesema yule mgane wa ng'ambo ya mto, mwenye watoto wawili, amekwenda mara ya pili kwa baba mdogo kukuposa, nawe utamkataa. Umeniomba nikutafutie hapa Kindu mwalimu wa kukuandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywa, ili Mungu akusamehe lile ulilomkosea, maana mwenyewe hulijui. Maneno hayo niliyasoma nimesimama, nikakaa chini. Yaya, hukumkosea Mungu. Aliyekosa ni mimi, na lile usilolijua mimi nalijua.

Nianze na mwili wangu, ndipo utaelewa kwa nini nasema leo na sikusema miaka yote hii.

Nilipofika Kindu nikaanza kunenepa. Mwanzoni ilikuwa sifa. Wanawake wa sokoni walinishika mkono wakisema, "Mama, Kindu imekupokea, bwana yako anakulisha!" Nami nilicheka nikinyoosha shingo. Halafu nguo za arusi zikanikataa. Halafu baiskeli. Amisi alizoea kunibeba nyuma tukitoka bandarini. Siku moja penye kilima akashuka, akasema tutembee kidogo apumzishe miguu. Hakusema neno jingine, na tangu siku hiyo tunatembea. Nikaacha mawese. Nikaacha wali. Nikala sombe, majani ya muhogo, ya maji na chumvi tu mpaka kizunguzungu kikanikalisha chini njiani na ndoo yangu. Mwili ukaendelea kuumuka tu kama unga wa maandazi. Na mwezi wangu ukaacha kuja: unapotea miezi mitatu, minne, unatokea siku mbili, unapotea tena. Kidevuni zikaota nywele. Ndiyo, ndevu, yaya. Nazing'oa kwa kibano kila Ijumaa, mama mkwe akienda kwa jirani.

Hapo najua umeiweka barua chini kwanza. Hayo yote ulikuwa nayo wewe, katika nyumba ya Asumani, wakati ule ni mume wako, nami nilikuwa nakaa nawe na nikiyaona.

Sasa ikumbuke ile Ramadhani. Katika nyumba ile wanawake walijuana kwa chungu. Aliye katika siku zake hafungi. Anakula jikoni nyuma ya mkeka, kisha siku hizo anakuja kuzilipa kabla ya mfungo mwingine. Kwa hiyo mama wa nyumba hana haja ya kuuliza. Anatazama tu nani anakula na nani analipa, anajua habari za matumbo yote. Wewe ulifunga siku zote. Na wiki ya mwisho, tukitwanga mpunga, uliniambia polepole, "Zaina, mwezi yangu haikuye. Mimba haiko. Usiambie mutu." Nikaapa.

Zilipobaki siku tatu za mfungo, mama yake Asumani aliniita chumbani kwake.

"Zaina, yaya yako alikula siku ngapi?"

"Hata moja, mama."

"Hata moja? Na ule mwili yote?" Akapiga makofi. "Basi njo mimba! Mutoto iko mule!"

Akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa chekundu cha kichwa, kipya, bado kina harufu ya duka, akanitia mkononi. Nilikuwa nimekwisha vunja ungo, yaya, kwa hiyo siwezi kusema nilikuwa mtoto asiyejua kitu. Nilijua huna mimba. Ilitosha niseme neno moja, "Hapana." Lakini kitambaa kilikuwa kimekwisha fika mkononi, na nilikitaka.

Siku ya Iddi wewe mwenyewe ulinifunga kitambaa kile kichwani. Ulirudi nyuma hatua mbili, ukanitazama, ukasema kimenipendeza. Hukuuliza nimekipata wapi. Katika ndoto, hapo ndipo ninapoamka mara nyingi, katika vidole vyako nyuma ya sikio langu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mama mkwe wako akawatangazia majirani. Ulipokana, wakasema unaona haya, mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Wakaleta kuku, wakakukataza kubeba ndoo, nawe ulizidi kunenepa, wakazidi kufurahi. Miezi ikapita, ikazidi tisa. Ndipo maneno yakageuka. Wakasema mimba umeitoa. Wengine wakasema vibaya zaidi, kwamba umeila. Wazee wakakaa barazani, wakaniita mimi, kwa kuwa nililala nyumba moja nawe.

"Zaina, sema kweli. Yaya yako alikuwa na mimba ao hapana?"

Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, mikono juu ya magoti. Ulinitazama kwa raha kabisa, yaya, kama mtu aliyemwona shahidi wake anakuja. Na mama yake Asumani naye akanitazama, akakitazama kitambaa.

Nikasema, "Miye sijui."

Nilisema hivyo tu. Asumani akatoa talaka kabla ya jua kuzama, ukarudi kwa baba na kinu chako kichwani, mimi nyuma yako nimebeba mchi. Njiani ulinibembeleza mimi nisilie. Mavuno yaliyofuata Amisi akaja kunioa, nikafurahi kupelekwa mbali.

Wahenga walisema malipo ni duniani, nami nimelipwa kwa kipimo kile kile. Mwezi wangu ulipoacha kuja, nilijua vizuri yanayompata mwanamke anayefunga siku zote thelathini mbele ya mama mkwe. Kwa hiyo nikaanza kudanganya. Kila Ramadhani nachagua siku saba, najishika kiuno, naacha kusali, nakula. Nakula nikiwa safi, yaya, mchana wa Ramadhani, mtoto wa mwalimu Sefu! Na lililo baya zaidi ni kwamba mama mkwe ananionea huruma. Ananitilia uji wa mchele katika bakuli lake mwenyewe, anaufunika, ananiletea nyuma ya nyumba. "Kula, mwana," ananiambia. "Mwanamuke anayekula siku zake njo mwanamuke muzima." Naumeza ule uji kama mawe. Shaabani nikilipa zile siku saba, ananisifu kwa majirani kwamba sichelewi.

Basi mwezi uliopita nilikwenda hospitali bila kumwambia mtu. Yuko mzalishaji pale, mkunga mwenyeji kama sisi, anaitwa Mama Anjelina. Alinitazama tumbo, shingo, kidevu, akaniuliza habari za mwezi wangu bila haya wala kicheko. Nilimweleza, kisha nikamwuliza ni dhambi gani inayofanya hivi. Akaacha kuandika.

"Mama, hii hapana dhambi. Iko ugonjwa ya mwili. Mu mwili ya mwanamuke muko vitu vinavyoamrishana. Kimoja kikizidi, kingine kinalala, na mwili inachukua mafuta hata kama haukule sana. Nimeona wengi."

Nikamwuliza dawa. Akasema ukweli, hapa dawa hana. Nitembee, nilime, nipunguze mawese na wali lakini nisijinyime hadi nianguke. Wengine mwezi unarudi, wengine wanazaa, wengine hawazai, na yeye hawezi kuniahidi. Halafu akashika kalamu tena.

"Mu jamaa yenu iko mwengine mwenye ugonjwa hii? Mama yako? Yaya yako?"

Nikasema, "Miye sijui."

Yaya, lilitoka lenyewe. Neno lile lile, kwa sauti ile ile. Nikaaga, nikatoka mpaka kwenye mlango wa nje, jua likanipiga usoni, nikasimama pale watu wakinipita. Nililia mbele ya wauza ndizi. Kisha nikarudi ndani, nikapita mbele ya wote waliopanga mstari wakinitukana, nikamwambia Mama Anjelina, "Iko yaya yangu. Anaitwa Mwamini. Alianza mbele yangu. Nilijua." Akaandika jina lako. Akasema ukiweza kufika Kindu, akuone.

Kwa hiyo kombe sitakutafutia. Si kwamba nayadharau maneno ya Mungu, ila hakuna dhambi yako ya kuosha. Hukutoa mimba, hukula mtoto, hukuwa mlafi. Niliwasikia waliosema unakula chakula cha watoto wa nyumba, nami niliyekula nawe sahani moja nilijua unavyoacha matonge mawili kila siku ili mimi nishibe. Hata hilo nililinyamazia.

Kuhusu mgane, jibu ni lako. Sitakwambia umkubali, mimi sina tena haki ya kukuchagulia kitu. Nakuomba tu usimkatae kwa sababu ya uongo wangu. Mwambie mwili wako ulivyo, pamoja na ndevu. Ana watoto wawili wanaotaka kuoshwa na kulishwa, huenda anatafuta mtu wala hatafuti tumbo. Akikimbia, basi amekimbia ukweli, na hilo halina aibu kwako.

Ningependa kuja mwenyewe nikuangukie miguuni. Amisi ameomba karatasi ya njia ofisini kwa mtawala, wanamwambia angoje, na bila karatasi wananirudisha hata kabla ya Kibombo. Kwa hiyo nimemwomba dereva wa lori la pamba akuletee kifurushi. Barua hii ni yako peke yako. Ile karatasi ya pili, iliyofungwa ndani ya kitambaa chekundu, si siri. Mpe baba mdogo aisome barazani, siku ya Ijumaa, mama yake Asumani akiwepo. Nimeandika humo kwamba nilijua huna mimba, nikahongwa kitambaa, na nilipoulizwa nikasema sijui. Nimetia jina langu na la baba. Kitambaa mrudishieni mwenyewe, atakitambua. Tangu siku ile ya baraza sijakifunga tena, na kukitupa nilishindwa.

Najua maneno yana miguu, yatafika Kindu kabla sijajiandaa. Yafike. Amisi nilimwambia usiku wa jana, yote, mpaka ndevu. Akauliza kama wewe umeshajua, nikasema bado, akaenda kunitafutia karatasi hizi za kuandikia.

Kama huwezi kunisamehe mwaka huu, usijilazimishe. Wewe ulibeba jina baya miaka yote bila kuambiwa kwa nini, mimi naweza kungoja nikiwa najua sababu.

Nisalimie mama, mwambie shuka aliyonipa bado inanikinga baridi ya alfajiri. Nisalimie baba mdogo na miwani yake ya uzi, na shangazi muuza karanga, na kaka yetu anayelima pamba, Mungu amwondolee maumivu ya mgongo. Watoto wa mgane pia, kama wanapita hapo nyumbani.

Mfungo unakaribia, Shaabani iko mlangoni. Zile saba za mwaka jana nimeanza kuzilipa, na za nyuma nilizozilipa kwa uongo nazirudia pamoja nazo, hivyo mama mkwe ameanza kuniuliza deni hili linatoka wapi. Nimemwambia atajua. Ramadhani hii, Mungu akinijalia uhai, nitafunga siku zote thelathini mbele ya macho yake, kama ulivyofunga wewe. Na siku atakayoniletea uji nyuma ya nyumba, nitampa bakuli lake likiwa bado limejaa.

Mdogo wako aliyekukosea,
Zaina binti Sefu