Ndoa ya Baba Yako Ni Halali

S.L.P. 118,
Kaunti ya Gadsden, Florida.
Jumamosi, 12 Oktoba 2019

Mpendwa mwanangu Landis,

Habari za huko Anchorage na baridi yenu? Natumaini hujambo, mkeo Yolanda hajambo, na mjukuu wangu Tobias meno ya mbele yameshaota. Mimi sijambo. Goti hunisumbua mvua ikikaribia, ila halijanizuia kufungua ofisi. Paa la kanisa bado limefunikwa turubai la buluu tangu kimbunga cha mwaka jana, na tumeshazoea.

Nimekusalimia vya kutosha. Sasa tugombane kidogo.

Juzi ulimpigia baba yako simu, ya kwanza kwa miaka sita, ukamwambia kwamba ndoa yake na Odessa ni mchezo wa watoto kwa sababu aliyeifungisha ni mimi, notari, mthibitishaji wa hati tu. Eti kazi ya notari ni kugonga muhuri kwenye hati za magari. Landis, hati za magari nazigonga, mwaka wa ishirini na mbili huu, na sijawahi kurudishiwa hata moja. Lakini hapa Florida sheria inampa notari mamlaka ya kufungisha ndoa, sawasawa na mchungaji au hakimu. Majimbo yenye sheria ya namna hiyo ni machache, kwa hiyo sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kufoka kabla ya kuuliza.

Ukaongeza kwamba mimi ni dada yake, basi siruhusiwi. Sheria inanikataza kuthibitisha sahihi ya mume wangu, ya wazazi wangu na ya watoto wangu. Kaka hayumo. Isitoshe, kwenye ndoa sithibitishi sahihi ya mtu. Nathibitisha kwamba watu wawili wameoana mbele yangu, nami nikiwatazama.

Unajua kwa nini waliharakisha? Daktari alisema moyo wa baba yako lazima upasuliwe mwezi huu. Tulimwendea mchungaji, naye akataka kwanza wahudhurie mafundisho ya ndoa wiki sita. Baba yako ana miaka sabini na minne, Odessa sabini na mmoja.

"Mchungaji," baba yako akamwambia, "daktari kanipa wiki nne. Hizo mbili zilizobaki nikazimalizie wapi?"

Mchungaji hakucheka. Odessa akanigeukia mimi, akasema, "Wifi, si una muhuri wewe?"

Hayakuwa mapenzi peke yake. Baba yako asipoweza kusema baada ya kupasuliwa, hospitali itamuuliza mkewe la kufanya. Kama hana mke, itamuuliza mwanawe. Ukisema ndoa hii si halali, unamwondoa kando ya kitanda mtu pekee anayejua mzee anakunywa dawa gani, saa ngapi, na ipi huwa anaitema akidhani hatumwoni. Na wewe uko mbali hivyo. Hilo ndilo linaloniuma.

Nikuungamie na kosa langu, maana binamu yako Lamar atakusimulia tu, tena kwa chumvi. Baba yako alitaka kuoa mbele ya lile ghala la kukaushia tumbaku, alipofanya kazi na babu yako. Basi tukapanga viti pale, nikasoma maneno, wakaapa, wakabusiana, watu wakapiga makofi. Nimeshika kalamu nijaze mahali ndoa ilipofungwa, Lamar akapita na sahani yake ya samaki.

"Shangazi," akasema, "kwani siku hizi unafungisha mpaka Georgia?"

Nikaiweka kalamu chini. Mtaro ulio nyuma ya nyumba ndio mpaka wa majimbo, Landis, na sisi wa nyumba hii tumeuruka tangu utoto bila kuufikiria. Nguo tunaanika Florida, kuku wanataga Georgia. Ghala liko ng'ambo, na mamlaka yangu yanaishia mtaroni. Nikishauvuka, mimi ni bibi mwenye kofia nzuri tu. Ningeweza kunyamaza nikaandika Gadsden, na Lamar angefungwa mdomo kwa pai ya viazi vitamu. Lakini siandiki uongo nikaugongea muhuri wangu.

"Inukeni wote!" nikasema. "Hapa hakuna aliyeolewa. Bebeni sahani zenu twende Florida."

Walicheka hadi wengine wakamwaga sukuma wiki. Baba yako aliuvuka mtaro polepole, kashikwa mkono na Odessa, akasimama mara mbili kuvuta pumzi. Hakuna aliyemharakisha. Nikarudia kila neno, tangu la kwanza, kando ya kamba ya nguo.

"Mnisikie," baba yako akasema, "nimeoa mara mbili ndani ya saa moja, na talaka sijatoa!"

"Nyamaza, mzee," Odessa akamjibu. "Pumzi hiyo itunze ya kusema ndiyo."

Jumatatu yake nilipeleka leseni ya ndoa mwenyewe kwa karani wa mahakama, ikaandikishwa. Nakala nimeiweka humu ndani. Mpe mwanasheria yeyote umtakaye aisome.

Kuhusu marehemu mama yako, nilimpenda Ernestine na sitaacha kumpenda. Najua ndiye aliye nyuma ya hasira zako, na sikukatazi kumlilia. Ila tangu baba yako ashindwe kuinama, anayepalilia kaburi la mama yako ni Odessa. Hakuniambia, nilimkuta.

Jana tulikwenda hospitali kujaza fomu. Upasuaji ni Alhamisi, tarehe ishirini na nne. Karani akamuuliza Odessa ana uhusiano gani na mgonjwa. Akajibu, "Mke," bila kutafuna neno. Karani akauliza, likitokea la kuamua, tumpigie nani? Nilidhani atajitaja mwenyewe, maana ni haki yake kama mke, na mimi ndiye niliyempa. Akafungua mkoba, akatoa kikaratasi chenye namba yako.

"Andika hii kwanza, mwanangu. Huyo ni mtoto wake. Sitaamua kitu kabla sijasikia sauti yake."

Baba yako alijidai anaangalia dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Lamar anakusalimu, na Odessa pia, ingawa anaogopa kukuandikia. Nisalimie Yolanda, umbusu Tobias. Mungu akufungulie njia na akulainishie moyo, na amshike baba yako siku hiyo. Sikuulizi kama unakuja. Nauliza ndege inatua Tallahassee saa ngapi, nije kukupokea.

Wako akupendaye,
Shangazi Marvella