Mchungaji Blaideni na Mbuzi Wake

Kilwa Kivinje,
Jumatatu, 9 Machi 1953.

Mpendwa mwanangu Maftaha,

Assalamu alaikum. Shikamoo yako imefika, marahaba baba. Kifua chako vipi na baridi ya Kampala? Unakula ukashiba? Sisi wazima, ila baba yako goti, na mimi roho, kwa ile barua yako.

Dada yako Sada alitusomea uani. Alipofika pale ulipoandika, “Siku hizi namfuata mchungaji Blaideni,” nikamwambia arudie. Akarudia. Nikajishika kichwa: skuli yote ile, mwanangu ameishia kuswaga mifugo ya watu! Baba yako, unamjua, akauliza, “Mbuzi au ng’ombe?” Nikamwambia, “Wewe Abdurahmani, ungekuwa ngamia ndio ungefurahi?”

Nikaenda kulia kwa jirani, Scholastica, mke wa dresa wa hospitali. Akacheka mpaka kanga ikamvuka. “Mama Sada, mchungaji huyo si wa mbuzi. Ni kama padre, ila wa Waprotestanti.” Yaa Rabbi! Bora mbuzi. Siku tatu chakula hakipiti, nakuona umevaa msalaba.

Mwisho nikampelekea barua Maalim Fakihi, akaisoma mpaka chini, kule ambako Sada hakufika kwa kilio changu. Kumbe unamsoma vitabuni tu! Mtu mweusi, kazaliwa kisiwani upande wa Marekani, skuli zao za dini zikamkataa kwa rangi yake, akavuka bahari akaja Laiberia. Mchungaji, lakini akajifunza Kiarabu, akausifu Uislamu, akasema Mwafrika asijidharau. Maalim amempenda. “Mtu wa maana,” anasema, “kasoro kutamka shahada tu.”

Na kumbe kafa, miaka arobaini sasa! Basi baba, sema unamsoma, usiseme unamfuata. Kumfuata marehemu ni kwenda kaburini. Uchuro huo.

Lakini neno lake moja limenikaa. Maalim anasema aliwaita watu weusi wa Marekani warudi kwao Afrika. Bahari yote ile! Wewe uko Kampala tu, na Idi mbili zimepita hatujakuona. Kama kweli ndiye mwalimu wako, mtii. Chuo kikifungwa, rudi kwenu.

Baba yako, Sada na Maalim wanakusalimu. Scholastica pia, angali anacheka. Mungu akuhifadhi mwili na imani.

Akupendaye kuliko hao wa vitabuni,
Mama yako, Mwanaasha.