Bibi Alisema Nimemsagia Jembe

Lundo, Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, ziwa limejificha. Ningeweza, ningejificha nalo.

Jana tumemaliza matanga ya Bibi. Kwenye msiba hapa kwetu hakuna anayefanya kazi, kwa hiyo mashine ya kina mama, ya kusaga muhogo uliolowekwa hadi ukachacha, ilikaa siku tatu na mabaki mabichi tumboni. Leo nimeifungua niisafishe.

Muhogo umegeuka kijivu, kama maji yaliyosuuziwa panga.

Mashine ile ni fahari yangu. Sahani zake za kusagia zilikuwa zinalika upesi. Mimi, fundi niliyesomeshwa na simu, nikazichomelea tabaka gumu kwa vijiti vya kutengenezea meno ya tingatinga. Hazikulika tena. Nikawa natembea kijijini kama mkaguzi wa barabara.

Leo nimepitisha kidole juu ya tabaka lile. Vishimo vitupu. Uchachu umelilamba. Siku tatu zimenionyesha kwa mkupuo chuma kilichokuwa kikitoka kidogo kidogo kila siku, kikienda kwenye ugali wetu.

Bibi alijua.

Mwaka jana alionja tonge moja, akanitazama mimi mjukuu wake mbele ya kina mama wote. "Mume wangu, leo umenisagia muhogo au umenisagia jembe?"

"Bibi, ulimi nao unazeeka," nikamjibu. Wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Tangu hapo akawa anatwanga wa kwake, kwa mikono ile inayotetemeka. Tukasema ni ukaidi wa uzee. Hakufa kwa chuma. Miaka yake ilikuwa imetosha. Ila alikufa akihesabiwa hajui anachoonja, na mzaha huo ni wangu.

Tena ugali wa matanga yake tumeupika kwa unga wa mashine ileile.

Mchana kapita Mama Tumaini, mwenyekiti wa kina mama. "Fundi, msiba umekwisha. Kesho utatuwashia? Mjukuu wangu ameanza uji, ananimalizia unga."

"Mkanda umekatika, mama."

Mkanda ni mzima kabisa. Niliogopa tu.

Kesho nitafungua zile sahani, nizibebe mpaka wanapomenyea muhogo, niziweke chini mbele yao. Watarudi kwenye vinu, na watanisema. Wana haki.

Sitaanza na habari za chuma. Nitaanza na swali la Bibi, nilirudie kama alivyoliuliza, mbele ya walewale waliocheka.

Halafu nitalijibu. Jembe, Bibi.