Ulinipandisha Dunguni Ukijua Sioni

Kaka Salumu,

Mwalimu wetu wa chuoni alitufundisha kwamba barua ianze na salamu ndefu, zifuate habari za afya, ndipo mtu aseme lake. Salamu sina. Afya yangu uliijua wewe kuliko mtu yeyote, na hilo ndilo linalonichoma.

Kesho watu wanakusomea hitima. Imechelewa, maana tangu upigwe risasi kwenye shamba letu la mpunga hapa Ruaruke tulikuwa porini, tukila ming'oko tuliyoichimba kwa mikono. Tumerudi juzijuzi tu, baada ya kwenda bomani kwa Wadachi kusalimisha mikuki. Kila anayekuja kutoa pole anakusifu. Salumu simba, Salumu hakurudi nyuma. Halafu wananigeukia mimi, mdogo wako Bakari, wananyamaza. Mkwe wangu Mzee Mbonde hakunyamaza. "Mlinzi mwenye macho mawili anapitwaje na kundi zima la askari mchana kweupe?" aliniuliza mbele za watu. "Walikupa nini?" Anataka kumrudisha kwake binti yake, Zena, mke wangu. Kesho baada ya dua natakiwa nijibu.

Mlinzi mwenye macho mawili! Ungekuwepo ungekohoa, ukatazama chini.

Ulijua tangu utotoni. Mimi ndiye niliyesoma msahafu kwa kuugusisha puani, mwalimu akinichapa akidhani nasinzia. Herufi ikiwa karibu naiona mpaka wino ulipovuja kando yake. Lakini mtu akisimama hatua kumi hana pua wala macho. Hatua ishirini, ni kitu kirefu cheusi. Kupita hapo, mtu na kisiki ni ndugu wa baba mmoja. Jua likiwa kali ndipo huzidi: vitu huota kingo za mwanga, kimoja huwa viwili, mto na mchanga vikachanganyika. Nikikaza macho nione, kichwa huniuma kuanzia juu ya nyusi mpaka kisogoni, na machozi hutoka yenyewe. Ukinikuta hivyo ulinicheka. "Unamlilia nani, Bakari? Hajafa mtu."

Tulipokwenda kuposa uliniambia nifunge mdomo. "Mwanamume asiyemwona nguruwe akiingia shambani, nani atampa mke?" Ni kweli, huku kwetu bondeni kijana hupimwa akiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachokaa kulinda mpunga usiliwe na ndege, nguruwe na viboko. Msimu ule ukapanda dungu moja nami. Wewe ukaona, mimi nikapiga kelele na kutupa mawe ya kombeo pale uliponielekeza. Mzee Mbonde akapita chini akanisifu kwamba nina macho makali. Ulicheka wiki nzima. Na mimi nilicheka, nisikusingizie.

Kisha yakaja maji. Yule mjumbe wa dawa kutoka milima ya Umatumbi alifika kwetu, watu wakapanga mstari, kila mmoja akanyweshwa na kunyunyiziwa ili risasi za Wadachi zigeuke maji. Tulikuwa tumechoshwa na pamba yao na fimbo za akida wao, sikuwa na la kubisha. Zamu yangu ilipofika ukasema kwa sauti, "Huyu mtie na machoni, ndiye mlinzi wetu." Watu wakadhani unaniongezea ukali. Maji yalikuwa baridi, yakaniwasha. Ukaniuliza, wote wakisikia, "Unaona?"

Niliona ukungu uleule wa siku zote, kaka, na ndani yake sauti yako ikiniomba. Nikasema naona.

Wallahi sijui kama uliamini. Kama uliamini, ulikuwa mjinga. Kama hukuamini, ulikuwa mwongo, na uongo wako uliua. Nimeligeuza jambo hili huku na huku, sijapata pa tatu pa kukuweka. Na mimi niliyesema naona niko hapohapo pamoja nawe, hilo silikatai.

Siku ya tatu ukanituma dunguni peke yangu, niangalie njia itokayo Kibiti, ninyi mkinoa mikuki kando ya mto. Nilikuvuta nguo. Nilikwambia, "Kaka, mweke mwingine." Ukanijibu kwa kunong'ona, meno umeyauma: "Mbele ya mkweo? Panda!"

Nikapanda. Jua lilikuwa usoni kwangu. Nikaona weupe mrefu ukisogea juu ya mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa. Nikakaza macho mpaka machozi yakanitoka, weupe ukawa mistari miwili, ukarudi kuwa mmoja. Nikajiambia ni yangeyange, wanaokota wadudu kama kila mwaka baada ya mavuno. Nikipiga kelele na kumbe ni ndege, nitachekwa, na siri yetu itatoka. Basi nikangoja waruke. Nilingoja, kaka. Niliposikia amri kwa lugha isiyo yetu ndipo nilipojua weupe ule ni nguo za askari, nikapiga ukelele, na bunduki ya kwanza ikalia hapohapo.

Wenzako walikimbilia mtoni. Wewe ukakimbilia kwangu. Nani alikutuma? Ungekimbilia mtoni, mpumbavu wewe! Ulianguka chini ya ngazi ya dungu. Niliteremka, nikaweka uso wangu juu ya uso wako, na kwa umbali ule nilikuona vizuri kuliko siku zote za maisha yetu. Risasi haikuwa imegeuka kitu chochote. Mimi nilipigwa kitako cha bunduki nikaachwa kama maiti, na hilo nalo wanalitumia kusema kwamba niliwauza.

Bomani nilipoitwa mezani kuweka mkuki chini, Mdachi aliyeketi pale alivua vioo vyake vya macho afute jasho. Akakunja uso, akabana macho, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza ndipo akaiona kalamu iliyokuwa mbele yake. Nilimtambua palepale. Ana ugonjwa wangu, kaka. Watu wake wamempa vioo. Wewe ulinipa dungu.

Jana nikamwambia Zena kila kitu. Nilidhani atalia. Alisonya. "Nilijua wiki ya kwanza," alisema. "Uliuamkia mchi ulioegemezwa ukutani, ukadhani ni mama yangu." Alinyamaza kwa kuwa alituona sisi hatutaki lisemwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi watatu tuliyaficha maradhi yangu, kikaja kukuchukua wewe. Ulikufa kwa kumficha Zena jambo analolijua. Nikiliwaza hilo natamani ufufuke nikuzabe kofi.

Kesho nitasimama mbele ya Mzee Mbonde niseme kwamba sioni, kwamba niliwadanganya watu siku ya maji, na kwamba Salumu alijua. Sifa zako zitapungua. Vumilia, mimi nimevumilia zangu. Akitaka binti yake na aje amchukue, ingawa Zena amekwisha kusema haendi popote.

Kaburi lako nimelipalilia mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti. Nakukosa, na hasira haijaisha, vyote viwili vinakaa humu kifuani na havisemezani.

Ila kuna jambo hukuwahi kulijua. Binti yako Asha ameanza kusuka ukili wa mikeka, na anauinua mpaka unagusa pua. Juzi alipishana na mama yake njia ya kisimani asimwamkie, akapigwa kwa utovu wa adabu. Alilia, akasema hakumwona. Shemeji hakumsadiki. Nilimwita nikasimama hatua kumi, nikanyoosha vidole, nikamwuliza ni vingapi. Akakaza macho yake mpaka yakalenga machozi, akajibu, "Baba mdogo, vidole viko wapi?"

Kwa hiyo kwaheri, kaka. Lala. Nakuahidi huyu mtoto hatafundishwa kusema naona.

Mdogo wako,
Bakari